Joto Lisilotoa Jasho

Katika watu wote wanaohama kutoka nchi za theluji kwenda jangwani, aliye rahisi zaidi kudanganyika si yule aliyezaliwa katika baridi, maana huyo husafiri pamoja na hofu yake, na hofu humfanya mtu aulize. Bali ni mwana wa pwani kama mimi, niliyezaliwa Mombasa na kulelewa katika fukuto la kaskazi, kisha nikapelekwa na riziki hadi Minneapolis, katika jimbo la Minnesota kaskazini ya Marekani, na baada ya kukaa huko miaka kumi na mmoja nikahamia Phoenix, katika jimbo la Arizona, nikiwa na yakini moyoni kwamba siendi ugenini bali narudi kwetu. Nilijiambia kuwa mimi na joto ni ndugu tulionyonya ziwa moja. Siku ya tatu tangu kuwasili, mwezi wa Juni, ndugu yangu huyo alinibwaga chini kando ya kituo cha basi.

Nilikuwa nimetoka baada ya adhuhuri kwenda posta, safari isiyozidi kilomita mbili, bila kofia na bila maji, kwa kuwa kwetu hakuna mtu anayebeba maji kwenda posta. Mbingu ilikuwa tupu, haina wingu hata dogo. Kwa kipimo nilichozoea tangu utotoni, mtu hujua kuwa jua limemzidi pale shati linapogandana na mgongo na jasho linapomwingia machoni. Nami kila nilipojipapasa nilikuta shati langu kavu kama lililoanuliwa kambani sasa hivi, nikazidi kujipongeza kwa ustahimilivu wangu. Kichwa kikaanza kugonga, moyo ukaenda mbio, ulimi ukawa kama kipande cha ngozi, na nilipoketi ukingoni mwa njia ili nipumzike, saruji iliniunguza nikainuka tena, na kuinuka huko ndiko kulikonimaliza nguvu. Aliyeniokoa ni jirani yangu mpya, mzee aliyetangulia kuhamia huko miaka kadhaa kabla yangu kutoka Duluth, mji wa bandari ulio kando ya Ziwa Superior, ambako theluji ya Novemba huweza kuonekana hadi Aprili. Alisimamisha gari, akaniingiza ndani kwenye ubaridi wa kiyoyozi, akanipa chupa ya maji yaliyotiwa chumvi na sukari, kisha akaniuliza kama nilitoka jasho. Nikamjibu kwamba sikutoka hata tone. Alicheka, si kwa dharau, akasema, "Umetoka jasho jingi mno, bwana. Hukuliona tu."

Maneno hayo yanataka kufasiriwa, kwa sababu ndani yake imo tofauti yote iliyopo baina ya joto letu na joto la jangwa. Mwili wa binadamu haupozwi na jasho lenyewe, hupozwa na kukauka kwake: kila lita ya jasho inayogeuka mvuke juu ya ngozi huondoka na joto la kadiri ya kilokalori 580, ilhali jasho linalodondoka chini bila kukauka huwa limepotea bure. Pwani, ambako hewa imekwisha kushiba mvuke wa bahari na unyevu wake aghalabu hauteremki chini ya asilimia 60 hata mchana, jasho hukosa pa kwenda, likabaki mwilini likitutesa na papo hapo likituonya. Phoenix, alasiri ya Juni, unyevu huweza kushuka hadi asilimia 10 au chini yake, na hewa hiyo yenye kiu hulinyakua jasho katika tundu la kinyweleo kabla halijapata kuwa tone. Msomaji aliyekulia katika nyumba yenye mtungi wa udongo anaijua elimu hii, ingawa huenda hakuiita kwa jina hilo: maji ya mtungi hupoa kwa kuwa mtungi huvuja kidogo kidogo kwa matundu yasiyoonekana, na upepo unaoukausha unyevu ule wa nje huchukua joto la ndani, ndiyo sababu wazee wetu waliuweka barazani penye upepo, na ndiyo sababu mtungi wa bara penye ukame hupoza maji kuliko mtungi wa pwani. Jangwani mwili wako ndio mtungi. Hupoa vizuri ajabu maadamu maji yamo, lakini mtu anayefanya kazi juani huweza kupoteza lita moja kwa saa, pengine na zaidi, na chumvi pamoja nayo, naye asione alama yoyote nguoni mwake.

Mwili, hata hivyo, hufundishika. Ukiingizwa katika joto pole pole, kwa muda wa siku kumi hadi kumi na nne hivi, maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema zaidi na kuchukua chumvi kidogo kuliko mwanzo, na moyo hupunguza mbio zake kwa kazi ile ile. Lakini mazoea hayo hayawekeki akiba. Mtu akikaa majuma machache tu penye baridi humtoka. Kwa hiyo damu ya pwani niliyokuwa nikijivunia ilikuwa imefutika zamani, na Minnesota ilikuwa imenifanya mtu wa kaskazini kwa kila kitu isipokuwa majivuno.

Na kaskazini ile si jambo dogo. Nyuzi zote nitakazotaja hapa ni za sentigredi. Wastani wa Januari pale Minneapolis, usiku na mchana ukichanganywa, ni kama nyuzi 9 chini ya sifuri, na hupita siku ambazo kipimo huteremka hadi 25 au 30 chini. Na katika mji mdogo wa Tower, kaskazini ya jimbo hilo hilo, tarehe 2 Februari 1996 kilifika nyuzi 51 chini ya sifuri, ambayo ndiyo baridi kubwa kuliko zote zilizopata kuandikwa Minnesota. Mtu akivuta pumzi katika hewa kama hiyo vinywele vya pua hugandana. Maziwa hufanya barafu nene hata watu wakaendesha magari juu yake, wakasimamisha vibanda na kutoboa matundu ya kuvulia samaki, habari ambayo niliwasimulia wavuvi wa kwetu likizoni nikaambiwa kwa upole kwamba ugenini nimejifunza mengi, na uongo mmojawapo. Katikati ya Minneapolis, tangu 1962, yamejengwa madaraja ya vioo yenye kupashwa joto, yanayounganisha ghorofa za pili za majumba kwa urefu wa kadiri ya kilomita 15 kwa jumla, hata mtu huweza kwenda kazini, benki, mkahawani na kurudi bila ya kukanyaga njia.

Baridi ya namna ile ni katili, lakini haifichi. Damu huikimbia ngozi ikajikusanya katikati ya mwili kulinda moyo na ubongo, vidole na masikio yakaachwa yajitetee yenyewe, na kabla hayajafa ganzi huuma maumivu makali yasiyoweza kupuuzwa, hata mpumbavu akarudi ndani. Halafu liko jambo ambalo sikulitambua mpaka nilipokwisha kuanguka juani: kwamba majira ya baridi ya Minnesota nayo ni jangwa. Hewa ya baridi haina nafasi ya mvuke mwingi, na ikiingizwa nyumbani na kupashwa joto ukavu wake huzidi. Midomo hupasuka, pua hutoka damu, na mtu akigusa kitasa cha mlango hurukwa na cheche ya umeme. Mzee wa Duluth, basi, alikuwa ameishi na ukavu miaka sabini kabla ya kuja kwenye joto. Alikuwa na mafuta ya midomo mfukoni na, jambo lililo kubwa zaidi, alikuwa na ada ya watu wote wa kaskazini, ya kutofungua mlango wa nje asubuhi kabla ya kusikiliza utabiri wa hewa. Nyuma ya gari lake huko kwao hakukukosekana blanketi, mshumaa na koleo la theluji, kwa ajili ya kukwama njiani. Alipohamia Arizona blanketi na mshumaa vilitoka, vikaingia vibuyu vinne vya plastiki vilivyojaa maji. Koleo alilitundika ukutani katika banda la gari. Ni koleo pana la alumini, lisilofaa kuchimbia chochote. Nilipomwuliza amelileta la nini mahali ambapo theluji haianguki, aliinua mabega tu.

Mji aliouhamia, na ambao mimi nami nimeuhamia, ni kazi ya wahamaji tangu mwanzo wake. Watu wa kale ambao wanahistoria huwaita Wahohokam walichimba katika bonde lile mamia ya kilomita za mifereji ya kunyweshea mashamba, bila mnyama wa kuvuta wala chombo cha chuma, kisha yapata mwaka 1450 wakaiacha, kwa sababu ambazo wataalamu wangali wakijadiliana. Mwaka 1867 mlowezi Jack Swilling aliiona mifereji ile mikavu, akaunda kampuni ya kuirudishia maji; na Darrell Duppa, Mwingereza msomi aliyekuwa miongoni mwa walowezi wa kwanza, ndiye anayesifiwa kwa kuupa mji jina la ndege wa hekaya anayefufuka kutoka katika jivu lake. Mwaka 1900 Phoenix ilikuwa na watu 5,544. Mwaka 1950 walikuwa wapatao 107,000, na hesabu ya 2020 ilikuta 1,600,000 na ushei.

Waliotangulia kuja makundi kwa makundi hawakuja kustarehe, walikuja kutafuta roho zao. Kabla dawa ya kifua kikuu haijapatikana, madaktari wa miji ya mashariki na ya kaskazini waliwaagizia wagonjwa hewa kavu na jua, nao wakaja na reli, wenye mali wakalala katika nyumba za wagonjwa na mafukara katika mahema, mengi yao kule Sunnyslope, pembezoni mwa mji wa wakati ule. Mvumbuzi John C. Lincoln wa Cleveland alikuja 1931 kwa ajili ya mkewe Helen aliyekuwa na maradhi hayo, naye Helen akapona na kuishi umri mrefu, na hospitali waliyoisaidia ikaja kuitwa kwa jina la mumewe. Lakini hata waliopona walikimbia kiangazi kila walipoweza, na waliobaki walitoa vitanda vyao nje usiku, wakalala chini ya shuka zilizoloweshwa maji. Katika miaka ya 1930 shuka ile ilipata werevu zaidi: sanduku lililojazwa vinyuzi vya mbao, maji yakidondoka juu yake na pangaboi likivuta hewa kupitia humo kuingiza ndani, yaani, kwa maneno yetu, mtungi uliotiwa pangaboi. Chombo hicho kilifaa sana katika ukavu wa Juni, kikashindwa kabisa hewa iliposhika unyevu wa mwezi wa Agosti. Kiyoyozi cha kweli, ambacho Willis Carrier alikibuni 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji pale Brooklyn, ambako karatasi zilikuwa zikiharibiwa na unyevu, kilichelewa kufika majumbani hadi baada ya vita vya pili vya dunia. Na kilipofika, ndipo mji ulipofumuka. Tarehe 1 Januari 1960 tajiri wa ujenzi Del Webb alifungua, kaskazini-magharibi ya Phoenix, mji wa wastaafu uitwao Sun City, na mwisho wa juma ule wa kwanza watu wapatao 100,000 walimiminika kuutazama. Wengi wa wazee walionunua walitoka katika majimbo ya theluji. Wengine hawahami moja kwa moja, huja Novemba na kurudi Aprili kama korongo, na watu wa huko huwaita ndege wa theluji. Nao ndio wenye akili kuliko sisi sote, ikiwa wana fedha za nyumba mbili.

Maana atakayebaki mwaka mzima ataona jinsi hesabu ya kuhama inavyogeuka. Mwezi wa Mei madirisha hufungwa, kama kule yalivyofungwa mwezi wa Novemba. Mtu hutoka katika nyumba iliyopozwa, akaingia katika banda la gari, akaendesha gari lililopozwa hadi duka lililopozwa. Viwanja vya watoto hubaki vitupu mchana kutwa. Waashi na watunza bustani huanza kazi saa kumi na moja alfajiri ili waitangulie adhuhuri. Kule nilivaa glavu kwa sababu usukani ulikuwa barafu, huku nimeona watu wanaweka glavu za jikoni garini kwa sababu usukani hauguswi. Betri iliyokufa kwa baridi pale Minneapolis hufa kwa joto hapa, na haraka zaidi. Bomba la maji baridi, mwezi wa Julai, hutoa maji ambayo mtu angeweza kumwogeshea mtoto mchanga bila kuyapasha, na lami ya njia hupita nyuzi 70, hata aliyeanguka juu yake kwa dakika chache huingizwa hospitali kwa majeraha ya moto. Tarehe 26 Juni 1990 joto lilifika nyuzi 50, ndege zikasimamishwa kwa muda, kwa kuwa majedwali ya marubani ya kupigia hesabu za kuruka hayakuwa na safu ya joto la namna ile. Na isije ikadhaniwa kuwa watu wa huko wanaipenda hali hiyo: tangu 1968 Arizona, isipokuwa nchi ya Wanavajo, imekataa kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi kama yafanyavyo majimbo mengine mengi, kwani ni nani angetaka kuongezewa saa moja ya jua?

Mama mmoja wa Kikongo, mzaliwa wa Uvira, aliyeletwa Phoenix na watoto wake kutoka kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, alinieleza kwamba aliposhuka usiku katika mwezi wa Julai alidhani upepo uliompiga ni pumzi ya injini ya ndege, akaharakisha aipite, akaikuta tena nje ya kiwanja, na tena mlangoni mwa nyumba aliyopangiwa. "Kaka, jua ya huku inapika watu," aliniambia, na akaniambia hivyo huku anapanga bamia zake barazani, ambazo hukauka kwa mchana mmoja. Wasemaji wa Kiswahili wamekuwa wengi huko, Wakongo na Warundi hasa, wakiletwa na mipango ya wakimbizi isiyowauliza wanapenda hewa ya namna gani. Wenzao wengine wamepelekwa kwenye theluji, nao hupigiana simu wakabadilishana malalamiko.

Mwaka 2023 ulitia watu adabu. Kuanzia tarehe 30 Juni hadi 30 Julai, siku 31 mfululizo, joto la mchana lilifika au kupita nyuzi 43, na katika Julai hiyo ukapita usiku 16 kufuatana ambao hewa haikushuka chini ya nyuzi 32, maana lami na saruji hulimeza jua mchana kutwa na kulitapika usiku kucha. Katika wilaya ya Maricopa, yenye mji wa Phoenix, walihesabiwa watu 645 waliokufa kwa sababu zihusianazo na joto mwaka huo. Karibu nusu yao hawakuwa na makazi. Na wale waliofia majumbani, takriban wote walikutwa katika nyumba zisizopozwa, na nyingi za nyumba hizo zilikuwa na kiyoyozi, lakini kibovu. Hapo ndipo nilipoona kuwa majimbo haya mawili, yaliyo mbali kwa tabia ya nchi kama ardhi na mbingu, yana sheria pacha. Minnesota ina kanuni ya zamani inayowalinda watu wasikatiwe umeme na gesi ya kupashia nyumba katika miezi ya baridi, maadamu wamepatana namna ya kulipa. Arizona haikuwa na ulinzi kama huo wa kiangazi, mpaka mwaka 2018 alipokufa nyumbani mwanamke mmoja mzee aliyekatiwa umeme kwa deni la dola 51. Mwaka uliofuata tume inayosimamia makampuni ya umeme ikakataza kuwakatia watu katika miezi ya joto. Dola 51, wakati ule, ilikuwa bei ya viatu vya mtoto.

Juu ya maji sina budi kusema kidogo, kwa kuwa mgeni hushangazwa na wingi wake asiulize asili yake. Mvua ya Phoenix kwa mwaka mzima ni milimita 180 hivi, na Mombasa hupata zaidi ya mara tano ya hiyo. Hata hivyo mji umejaa mabwawa ya kuogelea na viwanja vya gofu. Maji hutoka katika mito ya milimani iliyozuiwa kwa mabwawa, na mengine hutoka mto Colorado, kwa mfereji wa kilomita 540 uliochimbwa kati ya 1973 na 1993, ambao maji yake hupandishwa kwa pampu kiasi cha mita 880 kabla ya kumaliza safari yake upande wa Tucson. Mto huo uligawanywa kwa mkataba wa majimbo saba mwaka 1922, baada ya miaka ya neema ya mvua, na wagawanyaji wakaandika maji mengi kuliko yaliyomo. Mwaka 2021, kwa mara ya kwanza, serikali ya Marekani ilitangaza upungufu, na fungu la Arizona likapunguzwa kuanzia 2022. Na katika Juni 2023 jimbo likasitisha ruhusa za viwanja vipya pembezoni mwa Phoenix vinavyotegemea maji ya ardhini peke yake. Mzee wa Duluth, aliyezoea ziwa lisiloonekana ng'ambo yake, husema kuwa hili ndilo linalomnyima usingizi, si joto.

Atakayehamia na ajue pia kuwa vumbi la jangwa lina maradhi yake, yaitwayo homa ya bondeni, yatokanayo na kuvu aishiye udongoni. Mtu humvuta kwa pumzi, na baada ya juma moja hadi matatu wengine hukohoa, huchoka na kupata homa, ilhali wengi hawaoni dalili yoyote. Kwa watu wachache maradhi hutoka mapafuni yakaenea mwilini, na watu weusi wamo katika wale wanaokabiliwa zaidi na hatari hiyo, kwa hiyo kikohozi kisichosikia dawa hakifai kunyamaziwa, na daktari aambiwe mgonjwa anatoka wapi. Ama nge, ni desturi ya huko kukung'uta viatu kabla ya kuvaa, desturi ambayo sikuhitaji kufundishwa.

Na sitaki kuwa mwenye kukufuru neema. Kuanzia Novemba hadi Machi, Phoenix hukaa katika hewa ambayo hata Mombasa wakati wa kipupwe haiipati: mchana nyuzi 20 hivi au zaidi, anga safi, usiku wa kutaka shuka mbili. Michungwa hujaa matunda mabarabarani. Nje ya mji husimama dungusi wakubwa waitwao saguaro, ambao huweza kutimiza miaka 75 kabla ya kutoa mkono wa kwanza, na huishi hata miaka 150 na zaidi. Watohono O'odham, wenyeji wa nchi ile, huchuma matunda yao mwishoni mwa Juni, na mwaka wao huhesabiwa tangu hapo. Nimewaona watu waliotoka Minnesota pamoja nami wakivaa sweta na skafu katika nyuzi 15, hali miaka miwili nyuma katika nyuzi hizo hizo wangevua viatu wakakimbilia ziwani.

Lakini kilichonipatanisha na mahali pale ni maneno mawili. Mvua za kiangazi, zinazokuja kutoka upande wa Meksiko kati ya Juni na Septemba, watu wa Arizona huziita monsoon, kwa jina la pepo za Bahari ya Hindi, jina ambalo Wareno walilichukua kwa Waarabu, na kwa Waarabu ni mawsim, ndilo hilo hilo msimu letu, lililokuwa likitamkwa na manahodha wa majahazi walipohesabu siku za kutweka. Na ukuta wa vumbi unaotangulia mvua hizo, kama ule wa tarehe 5 Julai 2011 uliosimama kiasi cha kilomita moja na nusu kwenda juu na kuumeza mji mzima, huitwa habub, neno la Kiarabu lililotoka Sudani. Mwaka ule baadhi ya wakazi waliyaandikia magazeti wakilalamika kwamba vumbi la Marekani halistahili kupewa jina la Kiarabu. Nilipoambiwa habari hiyo nilicheka hata nikatoka machozi. Watu waliokuwa wakilikataa neno habub walikuwa wakiungojea msimu kwa hamu.

Agosti ya mwaka wangu wa pili, habub lilikuja baada ya alasiri, rangi ya karafuu mbichi inapoanza kukauka, jua likazimika, kisha ikafuata mvua ya dakika arubaini yenye harufu ya kichaka cha jangwani ambacho majani yake yana mafuta, harufu ambayo mtu akiinusa mara moja haisahau. Nyumba nyingi za huko hazina majani uani, zina kokoto, na mafuriko yalizizoa kokoto za mzee wa Duluth yakazimwaga zote mbele ya banda la gari. Asubuhi jua lilikuwa limekwisha kurudi kama kwamba halikuondoka. Nikamwona ametoka na lile koleo pana la alumini, ameinama kama mtu anayesafisha njia mwezi wa Februari, anasukuma kokoto kuzirudisha mahali pake, taratibu, fungu kwa fungu, mgongo wake ukinielekea. Shati lake lilikuwa kavu kabisa. Niliingia ndani nikajaza chupa mbili, nikatia chumvi na sukari, nikavuka njia kumpelekea.